Simu Ilijuaje Kwamba Shangazi Ameishiwa? Historia Fupi ya Kuchuja Mapendekezo

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, kazi zilinibana. Leo sileti maelekezo ya kuweka programu wala msimbo wa kunakili. Nataka tuzungumze historia, kwa sababu kuna swali niliulizwa nyumbani Voi mwaka 2019 nikashindwa kulijibu, ingawa wakati huo nilikuwa chuoni nikisomea sayansi ya kompyuta na nikijiona mjuzi.

Aliyeniuliza ni shangazi yangu. Anauza ndizi sokoni Voi, na mzigo wake huufuata Taveta. Mwaka huo mzigo mmoja ulimwozea, akakopa shilingi 3,000 kwa simu ili anunue mwingine. Siku ya kulipa ilipofika hakuwa nazo zote. Alipofungua duka la programu kwenye simu yake, kabla hajaandika hata herufi moja, akaonyeshwa programu nyingine ya mikopo, na chini yake nyingine tena. Akakopa kwa ya pili akalipa ya kwanza, akakopa kwa ya tatu akalipa ya pili. Baada ya miezi mitatu simu yake ilikuwa na programu saba za mikopo.

Kisha wakaanza kuwapigia watu simu. Mwenyekiti wa chama chake alipigiwa. Mwalimu wa kwaya alipigiwa. Mimi nilipigiwa nikiwa chuoni, nikaambiwa nimwambie "mdaiwa wetu" alipe kabla ya saa kumi. Shangazi hakuwa amemwambia mtu yeyote kuhusu madeni yale. Programu zilikuwa zimesoma orodha ya namba zote alizohifadhi. Kwa miezi miwili hakwenda chamani, mchango wake aliutuma kwa mtoto.

Nilipokuja likizo nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanikabidhi simu kabla hata ya chai. Akasema, "Mwanangu, wewe ndiye unayesomea mambo haya. Hebu niambie, hii simu ilijuaje kwamba nimeishiwa?"

Sikujibu. Nilifuta programu zote saba. Nikaingia dukani, na kila programu ya mkopo iliyojitokeza nikabonyeza kwamba hatuitaki. Nikamrudishia simu nikiwa nimeridhika na kazi yangu. Kesho yake asubuhi akaniita: zilikuwa zimerudi, nyingine kwa majina mapya kabisa.

Miaka imepita, nimemaliza shule, nimeajiriwa, na nimewahi kuunda mifumo ya mapendekezo kwa mikono yangu mwenyewe. Sasa naweza kujibu. Lakini jibu lina historia, basi tuanze mwanzo.

Mwanzoni lilikuwa chujio

Wengi wetu tunadhani mifumo ya mapendekezo ilibuniwa na wafanyabiashara ili watuuzie vitu. Sivyo. Ilibuniwa ili ituondolee vitu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa kituo cha Xerox PARC, huko Palo Alto, California, walikuwa wakielemewa na barua pepe. Kila siku barua nyingi, nyingi kati yake hazimhusu anayezipokea. Wanne kati yao, David Goldberg, David Nichols, Brian Oki na Douglas Terry, waliunda mfumo walioupa jina Tapestry, na Desemba 1992 wakaueleza katika jarida la Communications of the ACM. Wazo lao lilikuwa rahisi. Ukisoma waraka, unaacha alama: huu una maana, huu hauna. Mwenzako anaweza kuiagiza kompyuta imwonyeshe tu zile nyaraka ambazo wewe umezisifu au umezijibu. Jambo hilo wakaliita uchujaji shirikishi. Angalia neno lenyewe, ndugu msomaji: uchujaji. Kazi ya mfumo ilikuwa kama ya chujio la tui, kubakiza machicha juu ili kinachofaa kipite.

Tapestry ilitegemea watu wanaojuana. Ilibidi ujue kwamba fulani ni msomaji mzuri ndipo umfuate. Mwaka 1994 kundi jingine, lililokuwa na Paul Resnick wa MIT na John Riedl wa Chuo Kikuu cha Minnesota, likaondoa sharti hilo. Mfumo wao uliitwa GroupLens, na ulichuja makala za Usenet, ambayo ilikuwa baraza kubwa la mijadala duniani kabla wavuti haujaenea. Msomaji aliipa makala alama kuanzia 1 hadi 5. Kompyuta ikatafuta watu wengine ambao alama zao zinafanana na zake, hata kama hawajawahi kuonana, kisha ikakisia angeipa alama gani makala ambayo bado hajaisoma.

Shikilia jambo moja hapo, tutalirudia: alama 1 ilikuwa na sauti sawa na alama 5. Msomaji aliweza kusema "ndiyo" na aliweza kusema "hapana", na hesabu ilizipokea zote mbili.

Chujio linageuka muuzaji

Mwaka 1998 Amazon, wakati huo ikijulikana zaidi kwa vitabu, ilianza kutumia njia tofauti. Greg Linden, Brent Smith na Jeremy York waliieleza mwaka 2003 katika makala ambayo karibu kila mwanafunzi wa fani hii ameisoma. Badala ya kulinganisha watu na watu, walilinganisha bidhaa na bidhaa. Swali likawa: waliochukua hiki, ni kipi kingine walichukua pamoja nacho? Jedwali la majibu hutayarishwa mapema, kwa hiyo mteja akifika anajibiwa papo hapo hata kama duka lina mamilioni ya bidhaa.

Ni njia nzuri, na sitaki mtu afikirie naibeza. Ni nyepesi na ya haraka. Lakini kiini cha hesabu kilihama. GroupLens ilikuuliza umeonaje. Njia hii mpya inaangalia umechukua nini. Kuchukua kukawa ndiyo "ndiyo". Na "hapana" je? Kutochukua hakusemi kitu, maana huenda hukutaka, au hukuiona, au hukuwa na pesa. Basi "hapana" ikabaki pembeni.

Mashindano makubwa ya miaka hiyo hayakuibadili hali. Oktoba 2006 Netflix ilitoa hadharani alama zaidi ya milioni 100 zilizotolewa na wateja wake kwa filamu 17,770, ikaahidi dola milioni 1 kwa atakayepunguza kosa la kukisia kwa asilimia 10. Septemba 2009 timu iliyojiita BellKor's Pragmatic Chaos ilikabidhiwa zawadi. Tulijifunza mengi ya hisabati kutokana na mashindano hayo. Hata hivyo, swali lilikuwa moja tu: mtu huyu ataipa filamu hii nyota ngapi? Hakuna aliyeulizwa kama kuna kitu ambacho hakifai kuwekwa mbele ya mtu yeyote. Kwa filamu, sawa. Filamu mbaya inakupotezea saa mbili, basi.

Upande wa barua pepe, wenzetu hawakulisahau chujio. Agosti 2002 Paul Graham aliandika kuhusu kuchuja barua taka kwa kanuni ya uwezekano ya Bayes. Kompyuta ilifundishwa kwa mafungu mawili, barua nzuri na barua taka, kisha ikapima kila neno linaelekea fungu gani. Ona tofauti: chujio la barua linajifunza kutokana na ulichotupa pia. Duka linajifunza zaidi kutokana na ulichochukua.

Mashine haioni dhiki

Sasa turudi Voi. Tuchukue mfano wa kubuni, tupige hesabu ndogo.

Tuseme duka la programu lina wateja 1,000. Kati yao, 100 wana programu ya mikopo tuiite A. Programu nyingine ya mikopo, B, iko kwenye simu 80 kati ya hizo 1,000, yaani asilimia 8. Lakini ukiwatazama wale 100 wenye A peke yao, 60 wana B pia. Hiyo ni asilimia 60, mara saba na nusu ya kawaida. Kwa njia ya bidhaa na bidhaa, A na B zinakwenda pamoja kama chai na mandazi. Mwenye A aonyeshwe B haraka.

Wewe na mimi tunajua kwa nini zinakwenda pamoja. Watu 60 walichukua B kwa sababu deni la A limeiva. Mashine haijui habari za deni. Inachokiona ni watu wanaopenda programu za mikopo, wanaoziweka moja baada ya nyingine kwa bidii. Ikimwonyesha B mtu mwingine mwenye A, naye kwa kubanwa akaichukua, 60 inakuwa 61, na ushahidi unaongezeka. Kila anayenaswa anamwandalia mtego anayemfuata, bila yeye kujua.

Na kile kitufe nilichobonyeza? Kwanza, kukataa B kunaondoa B. Hakuondoi C, D na E, ambazo nazo zina uhusiano uleule na A. Pili, mwenye programu akibadili jina akaileta tena, kwa mashine huyo ni mgeni ambaye hujamkataa bado. Tatu, sauti yangu ilikuwa moja dhidi ya vidole vya maelfu waliokuwa wakichukua.

Udhaifu huu umepimwa kwenye mfumo mwingine. Septemba 2022 taasisi ya Mozilla ilitoa utafiti juu ya vitufe vya YouTube, uliotumia takwimu walizojitolea watu zaidi ya 22,000. Kitufe cha kusema huvutiwi na video kilizuia asilimia 11 tu ya mapendekezo mabaya yaliyofuata. Cha kusema hupendi, asilimia 12. Kilichofanya vizuri kuliko vyote ni kile cha kuikataa chaneli nzima, nacho kilifika asilimia 43. Kwa hiyo kumkataa anayeleta kulisaidia karibu mara nne ya kukataa kilicholetwa. Nalo hilo mlishikilie.

Kenya: kumtazama anayeleta

M-Pesa ilianza Machi 2007. Novemba 2012 Safaricom na benki ya CBA wakaleta M-Shwari, na Wakenya wakazoea kukopa bila kujaza fomu. Mwaka 2014 ikaja Mkopo Rahisi, ambayo baadaye iliitwa Tala, ikitolewa kama programu ya simu. Nyuma yao wakafuata wengi, wazuri kwa wabaya. Sheria ya wakati huo haikuipa Benki Kuu ya Kenya mamlaka juu ya mkopeshaji asiyepokea amana, kwa hiyo aliyetaka kukopesha alihitaji programu na mtaji tu.

Chujio la kwanza liliwekwa na Google yenyewe mwaka 2019. Kanuni ya duka lake ikakataza programu za mikopo ya kulipwa yote ndani ya siku 60 au chini. Kwenye karatasi ni kanuni nzuri. Lakini muda wa mkopo uliandikwa na mwenye programu mwenyewe katika maelezo yake. Zikawepo programu zilizoandika siku 61 au 91 dukani, na huku ndani mkopo unadaiwa baada ya wiki moja au mbili. Chujio linalomuuliza mwizi kama ni mwizi litapitisha wengi.

Aprili 2020 Benki Kuu iliwazuia wakopeshaji wa kidijitali wasiosimamiwa kupeleka majina ya wadaiwa kwenye mashirika ya kumbukumbu za mikopo, yale tunayoyaita CRB. Desemba 2021 sheria ya Benki Kuu ikarekebishwa, na Machi 2022 zikatoka kanuni za watoaji wa mikopo ya kidijitali. Wote wakapewa miezi sita kuomba leseni. Septemba 2022 Benki Kuu ikatangaza kwamba imepokea maombi 288, na waliopewa leseni ni 10.

Kisha likaja jambo ambalo kwangu kama mtengeneza programu ndilo kiini cha historia hii. Google ikatangaza kwamba kuanzia tarehe 31 Januari 2023, programu ya mikopo inayowalenga Wakenya lazima iwe na nyaraka zake za Benki Kuu, la sivyo inaondoka dukani. Nyingi ziliondoka. Kuanzia tarehe 31 Mei mwaka huohuo kanuni nyingine ikazikataza programu za mikopo, duniani kote, kusoma orodha ya namba na picha za mteja. Na Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, inayosimamia sheria ya mwaka 2019, ikaipiga kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu kuwatumia ujumbe wa vitisho.

Kwa nini chujio hili lilishika mahali ambapo kitufe changu kilishindwa? Halikuwa na algoriti ya ajabu. Lilikuwa orodha. Ila orodha hiyo haikuandikwa na mwenye programu, iliandikwa na mtu wa tatu. Haikuangalia jina la programu, iliangalia kampuni, kwa hiyo kubadili jina hakukusaidia. Na iliwekwa mlangoni, kabla mashine haijaanza kuhesabu nani anakwenda na nani. Mashine haiwezi kupendekeza kisichokuwamo dukani.

Kwa mchambuaji wa vito

Baba yangu mdogo huchambua vito mjini Voi. Wasomaji wa mbali huenda hawajui: vilima na nyika zetu za Taita Taveta zina tsavorite, jiwe la kijani ambalo Campbell Bridges aliligundua kwanza Tanzania mwaka 1967 kisha upande wetu, na ambalo Tiffany & Co. ililitangaza duniani mwaka 1974 kwa jina linalotokana na Tsavo. Mawe yakiletwa kutoka migodini, baba mdogo hayapangi kwa uzuri kwanza. Kwanza anatoa yasiyo vito: vipande vya chupa, mawe ya kijani yasiyo na thamani. Anayaangalia kwenye mwanga, anayatupa kando. Baada ya hapo ndipo anapanga yaliyobaki, hili la kwanza, hili la pili.

Nilimuuliza siku moja kwa nini asifanye yote mara moja. Akaniambia kipande cha chupa kikiingia kwenye mpango kinaweza kuwa cha kwanza, maana kina rangi safi kuliko vito vingi.

Hivyo ndivyo ninavyounda mifumo siku hizi. Hatua ya kwanza, kutoa kisichofaa, kwa ushahidi ambao muuzaji hakujiandikia. Hatua ya pili, kupanga kilichobaki kwa kadiri ya mtu anavyopenda. Ukiziunganisha hatua hizi mbili, ukasema kibaya kitashuka chenyewe kwa sababu watu hawatakipenda, umesahau kwamba watu huchukua vitu kwa dhiki pia. Tena nimeanza kuhesabu mambo ambayo zamani sikuyahesabu: programu ilikaa kwenye simu siku ngapi kabla ya kufutwa, na mtu alipokataa moja, alikuwa anakataa hiyo moja au anakataa aina nzima? Akikataa tatu za aina moja mfululizo, sisubiri ya nne.

Sisemi mlango wa leseni umemaliza matatizo. Wapo waliohamia nje ya duka, wanatuma faili la programu kwa kiungo cha WhatsApp, na huko hakuna mlango. Pia orodha inaweza kumfungia nje mtu mwema. Kati ya waombaji 288, wale 278 waliobaki wakisubiri hawakuwa wote wabaya, na idadi ya wenye leseni imeongezeka mwaka hadi mwaka hadi kupita mia. Anayeshika orodha ana nguvu kubwa, na sisi wananchi tuna haki ya kumuuliza anaitumiaje. Lakini kati ya orodha ninayoweza kuihoji na hesabu inayomsukumia shangazi yangu deni la nane kwa sababu alichukua la saba, najua ninachokichagua.

Mwaka jana nilikuwa nyumbani, nikamkuta shangazi anapanga mikungu kivulini. Deni lilikwisha zamani, chamani alirudi, na sasa ndiye mweka hazina. Nikamwambia, "Shangazi, lile swali lako, nina jibu. Simu haikujua kwamba umeishiwa. Ilihesabu wenzako walioishiwa kabla yako, ikaona walichukua nini."

Akanyamaza kidogo, akageuza mkungu. "Kwa hiyo na mimi nilihesabiwa kwa aliyenifuata?"

Nikamwambia ndiyo.

"Basi hukufanya vibaya kuzifuta," akasema. "Lakini ungezifuta mapema."

Wasomaji, maoni yenu nayakaribisha kama kawaida, hasa kutoka kwa wanaounda mifumo ya aina hii hapa nyumbani. Nyinyi mnachuja wapi, mlangoni au baadaye? Tukijaliwa, makala ijayo nitaonyesha hesabu ya A na B kwa msimbo mfupi ambao hata anayeanza ataufuata. Kwaherini kwa sasa.